Jinsi ya kuandaa mashine ya kutotolesha kwa siku tatu za mwisho

Mwongozo huu ni wa mayai ya kuku, ambayo huanguliwa siku ya 21. Nimeuandika baada ya kumsaidia rafiki ambaye mayai yake yalitobolewa vizuri na vifaranga, kisha wakafia ndani ya ganda, kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya kabla yake.

Hatua ya kwanza. Siku ya 18 mulika mayai kwa tochi, ondoa yasiyo na kifaranga, zima kigeuzio, yaani kifaa kinachogeuza mayai, na uyalaze mayai.

Hatua ya pili. Tandika wavu laini wa plastiki chini ya mayai. Gazeti silipendekezi hata kidogo, kwa kuwa huteleza na kifaranga aliyetoka punde hutanuka miguu.

Hatua ya tatu: unyevu. Hapa ndipo pa kutulia. Unyevu uliokuwa asilimia 45 hadi 55 sasa upande hadi 65 au 70, lakini kabla ya kuongeza maji hakikisha kipimo chako kinasema kweli. Mimi niliamini kioo cha mashine kilichoonyesha 68, kumbe unyevu halisi ulikuwa karibu 50, na utando wa ndani ya ganda ukakauka kama karatasi na kuwanata vifaranga manyoya, wasiweze kujigeuza wala kuendelea kulikata ganda.

Tangu siku hiyo natumia kipimo cha pembeni, nacho nakijaribu kwa chumvi siku chache kabla. Weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo hadi ilowe bila kuyeyuka yote, kisha ifungie pamoja na kipimo katika chombo kisichopitisha hewa kwa saa 8 hadi 12. Kipimo kizima kitasoma 75. Kikisoma 80, basi kila utakachosoma baadaye punguza 5.

Kinachoongeza unyevu ni upana wa maji, wala si kina chake, kwa hiyo sufuria ndefu iliyojaa haifikii sahani pana yenye maji kidogo. Sponji iliyolowa husaidia zaidi. Pitisha mpira mwembamba kwenye tundu la hewa hadi kwenye sahani, ili uongeze maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano bila kufunua mashine. Matundu ya hewa yasizibwe kwa ajili ya kulinda unyevu, maana kifaranga anayeangua huhitaji hewa safi kuliko wakati wowote uliopita. Vifaranga wa kwanza wakitoka, manyoya yao mabichi yatapandisha unyevu yenyewe. Usihangaike kuupunguza, isipokuwa matone yanatiririka kwenye kioo.

Hatua ya nne. Joto libaki nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni.

Hatua ya tano. Funga, usifungue. Kati ya tundu la kwanza kwenye ganda na kutoka kwa kifaranga hupita mara nyingi saa 12 hadi 24, na kimya hicho ndicho kinachowaponza wengi, wakaanza kumenya maganda wakati mishipa ya damu bado haijakauka. Waliotoka hawatakufa njaa, kwani kiini walichokifyonza kinawatosha siku mbili. Wakishakauka na kuwa wepesi kama pamba, wahamishie wote kwa pamoja kwenye sehemu ya kulelea uliyokwisha kuipasha joto.