Somo la leo: kupanda mikoko ikashika

Wengi mmeliomba somo hili tangu bamvua iliyopita, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kupanda mikoko tulikuwa watu zaidi ya mia, fulana mpya kifuani, maji ya chupa, mpiga picha. Tukachomeka mbegu kwenye tope lililoachwa wazi na maji kupwa. Bibi mmoja aliyekuwa akiokota kombe akatuambia, "Wanangu, hapo hapajawahi kuota mti." Tukacheka. Baada ya miezi mitatu vilibaki vijiti vilivyogandiwa na vichaza mpaka nchani.

Hatua ya 1: Uliza miti ya zamani ilikufaje. Hii ndiyo kazi yenyewe, zilizobaki ni kuchomeka tu. Walikata boriti? Pamechimbwa mabwawa ya chumvi? Barabara imeziba mkondo? Mkoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope, ukiifukia umeuziba pua. Kwenye hori (mkono wa bahari) la Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo kutoka bara, na miti ikafa imesimama. Kama shida ni tuta lililozuia maji, chukua jembe ulikate kwanza. Maji yakirudi huja na mbegu yenyewe, na huenda usipande kitu. Na kama hapakuwa na mti tangu babu zenu, hasa penye majani ya bahari wanamozalia samaki, paache.

Hatua ya 2: Fuata maji, ndipo uchague mti. Mikoko ni jamii ya miti mingi. Mlilana hukaa mbele, upande wa bahari, unaoshwa kila siku. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya matao. Kisha msinzi (Wakenya wanauita muia) na mkandaa. Mchu ni mbishi, utaukuta mbele na utaukuta nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mbegu yake ndefu inachomekeka kwa urahisi. Uvivu huo umeua miche mingi kuliko mbuzi. Tazama mti uliosimama jirani, kwenye kimo hicho hicho cha maji, kisha panda aina hiyo.

Hatua ya 3: Mbegu. Ya mkoko inaning'inia kama mkuki wa kijani chini ya kitunda cha kahawia. Iliyokomaa huonyesha shingo ya njano pale mkuki unapoachana na tunda, na ukiigusa inakuachia bila kuvutwa. Ukilazimika kuivuta, iache. Tupa zenye vitundu vya wadudu. Ya mchu ni bapa kama kunde kubwa. Iloweke usiku mmoja ivue ganda.

Hatua ya 4: Panda siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, yaani karibu na tarehe 7 na 8, au 21 na 22 za mwezi mwandamo. Mbegu inapata siku kadhaa za kushika kabla ya bamvua. Zamisha theluthi moja tu, ncha ya mizizi chini. Ndiyo, kuna waliopanda kichwa chini, na mimi nilikuwemo. Mita moja kutoka mche hadi mche yatosha.

Hatua ya 5: Rudi. Kila mwezi, angalau mwaka mzima. Ondoa mwani na takataka zilizonasa, jaza mapengo, fukuza mbuzi.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, huku Kilwa kaa wanakata mbegu zote usiku. Tuwatege?*
Hapana kaka. Mashimo yao ndiyo yanayoingiza hewa kwenye tope. Weka mbegu kivulini siku chache zinyauke kidogo, hawazipendi sana. Zikiendelea kuliwa, otesha kwenye viriba, upande miche iliyokwisha kuwa migumu shina.

*Nikipanda mwenyewe, naweza kukata boriti zangu baadaye?*
Kupanda hakukupi miliki. Tanzania bara misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali. Nenda ofisi ya misitu kabla ya kushika shoka. Kenya nako ni kibali, na kuuza boriti nje kumepigwa marufuku tangu 1982. Kabla ya hapo majahazi yalizibeba kutoka Lamu hadi Ghuba, kuezekea nyumba za huko.

*Nasikia Gazi wanalipwa pesa za kaboni. Tupande ngapi tulipwe?*
Swali lenyewe limekaa upande, dada. Mradi wa kijiji wa Mikoko Pamoja, Gazi, kule Kwale, Kenya, ulianza kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa inayofungiwa na mikoko, mwaka 2013 kwa hekta kama 117, na sehemu kubwa ni msitu uliokuwepo tayari, wanaoulinda usikatwe. Fedha zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Kama kwenu kuna mikoko iliyosimama, anzeni na hiyo.

*Shikamoo mwalimu. Yule bibi yuko wapi siku hizi?*
Marahaba. Yupo. Tulimrudia na sukari kilo mbili, tukamwomba radhi. Akatupeleka nyuma ya kijiji, kwenye bwawa la chumvi lililotelekezwa, akaonyesha kwa fimbo mahali mkondo ulipokuwa ukipita utotoni mwake. Tukakata tuta sehemu mbili. Michu sasa inanifika kiunoni, na hakuna hata mmoja tulioupanda sisi.