Namna ya kuchunguza pumzi ya usiku ya mgonjwa anayetumia dawa kali za maumivu

Katika nyumba nyingi za Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, yupo mtu anayemeza tramadoli kila siku kwa sababu ya mgongo uliochakazwa na mizigo, jeraha la zamani au saratani. Dawa hiyo, pamoja na kodeini na morfini, ni ya jamii ya afyuni: hutuliza maumivu, lakini hulegeza pia sehemu ya shina la ubongo inayoamuru mapafu yavute hewa, hata kabonidayoksaidi ikijilimbikiza katika damu ubongo usishtuke upesi. Ndiyo maana pumzi ya mtumiaji huweza kukatika mara kwa mara akiwa usingizini. Parasetamoli na ibuprofeni hazina athari hiyo.

Mgonjwa hajioni akiwa amelala, kwa hiyo kazi hii ni ya mwenzake wa kitandani au ya ndugu anayelala naye chumba kimoja. Usitegemee mkoromo peke yake. Anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza ghafla, kisha akashtuka kama anayekabwa, huenda njia yake ya hewa huziba kooni. Lakini dawa hizi huweza kuleta aina nyingine, ambapo koo liko wazi ila amri ya kupumua haitoki, na mtu hulala kimya kabisa bila kifua kuinuka. Ukimya huo ndio unaoidanganya familia, ikafurahi kwamba hatimaye baba amepata usingizi mzuri.

Baada ya mgonjwa kumeza dawa ya jioni na usingizi kumkolea, keti karibu naye kwa nusu saa, tochi ya simu ukiielekeza ukutani isije ikamwamsha. Tazama kifua na tumbo badala ya kusikiliza, hasa usiku wa mvua, kwani mabati hayatakuruhusu kusikia kitu. Pumzi ikikoma, pima kwa saa ya simu: madaktari huhesabu mkomo wa sekunde 10 au zaidi, na mikomo 5 au zaidi kwa saa inastahili uchunguzi. Andika muda wa kila mkomo, saa ya kumeza dawa na kiasi chake. Asubuhi muulize kama ameamka na maumivu ya kichwa, na mchana angalia kama anasinzia katikati ya mazungumzo.

Mpelekee daktari karatasi hiyo pamoja na vidonge vyote, vikiwemo vilivyonunuliwa farmasi bila kuandikiwa. Usifiche diazepamu, dawa za usingizi, bia, wala pombe za kienyeji kama kasiksi na kanyanga, kwa sababu vikichanganywa na afyuni huzidisha sana hatari. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa, au kupima oksijeni ya usiku kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Mwachie yeye kuisoma namba: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa oksijeni ya mtu mwenye afya huwa chini kidogo kuliko ya mtu wa pwani. Kipimo kamili cha kulala kituoni ukiwa umeunganishwa na nyaya hakipatikani kirahisi, na kwa maoni yangu kukikosa kusiwe sababu ya kuchelewa.

Dawa isikatwe ghafla. Anayeikata hupata jasho, kuhara na maumivu makali, na baya zaidi, akiirudia dozi ya zamani baada ya wiki kadhaa, mwili uliokwisha kuisahau unaweza kushindwa kuihimili. Mkingoja siku ya daktari, alale ubavu badala ya chali, wala asiongeze kidonge cha usiku kwa hiari yake.

Ukimwita na kumtikisa asiamke, pumzi zake zikiwa chache mno, fizi na kucha zikigeuka rangi ya buluu, hapo si suala la kuandika tena: mlaze ubavu, mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mtaje dawa aliyomeza, ili wauguzi wajue mapema kama anahitaji naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya afyuni mwilini. Akiacha kupumua kabisa, mgeuze chali, inua kidevu chake, bana pua yake na umpulizie hewa mdomoni njia nzima hadi mfike.