Joto kali na unataka kutengeneza vitamu? Tuanze na friji

Nianze na keki iliyonitia adabu. Tabaka tatu za vanila, krimu ya siagi rangi ya pinki, bethidei ya mpwa wangu, na siku yenyewe lile joto la kukaa mbele ya feni na bado jasho linakutoka. Nikamaliza kupamba saa nne asubuhi, nikasema niiache tu mezani kila anayepita aione, si unajua tena sifa, nikaenda kuoga. Narudi nakuta tabaka la juu limeshaanza safari. Halijaanguka, linatembea, taratiiibu, na yale maua niliyohangaika nayo nusu saa yanashuka ubavuni kama nta ya mshumaa. Tukaila na vijiko kwenye bakuli. Mpwa wangu ndo alifurahi kuliko wote, mimi nilikuwa chumbani nimenuna.

Tangu siku hiyo nimeharibu vingi na vingine vimekubali, na nilichokuja kugundua ni kwamba kipindi cha joto mapishi yenyewe sio magumu hata kidogo, shida ni joto la vitu vyako: siagi, krimu, bakuli, mpaka mikono. Siagi kwenye nyuzi 32 mpaka 35 za Selsiasi imeshayeyuka, na kabla hata haijafika huko imeshalainika kiasi kwamba haibebi kitu. Sasa pishi likikwambia tumia siagi ya joto la chumba, aliyeandika anawaza chumba cha nyuzi 20 hivi, chako kina 31, hicho sio chumba anachokisema yeye. Mi natoa siagi kwenye friji nakata vipande vidogo nasubiri dakika chache tu alafu nabonyeza na kidole. Kidole kikiacha shimo na siagi bado ina ubaridi, twende kazi. Kidole kikizama chenyewe na kutoka kinang'aa mafuta, rudisha friji usibishane nayo.

Kama keki ya krimu ni lazima, yani umeshaahidi watu, basi toa nusu ya siagi uweke yale mafuta magumu meupe ya mboga ya kuokea, yanastahimili joto kuliko siagi. Sikudanganyi, ladha inashuka kidogo na ukila yanabaki baki mdomoni, ndo maana natia vanila ya kutosha na chumvi kidogo. Mfuko wa kupambia usiujaze, kiganja chako kinaupasha moto, weka kidogo kidogo. Pamba dakika kumi, keki iingie friji robo saa, itoke, endelea. Inachosha, lakini haitembei.

Biskuti nazo zikienea kwenye trei mpaka zinashikana zikawa biskuti moja kubwa, mara nyingi ni donge limepata joto kabla ya kuingia oveni. Viringisha vidonge vyako, friji nusu saa, ndo uoke, na trei iliyotoka motoni usiiwekee vidonge vipya mpaka ipoe. Basi, hamna la ziada hapo. Na oka alfajiri au usiku, mchana mwachie jua.

Sasa tuje kwenye vitu visivyotaka oveni kabisa, ambavyo ndo chakula changu cha msimu huu.

Cha kwanza keki ya chizi ya friji, ya mtu mvivu, mi naifanya hata nikiwa naongea na simu. Saga biskuti za kawaida gramu 200, mimina siagi iliyoyeyushwa gramu 90, changanya mpaka ziwe kama mchanga uliolowa, ukishika fumbato kwenye kiganja linashikana. Kandamiza kwenye chombo kwa kitako cha glasi, weka friji. Alafu chukua krimu chizi gramu 225, hii iache nje ilainike vizuri kwanza, kwa sababu ukiipiga ikiwa baridi inatoa vidonge vidonge ambavyo hata upige mpaka kesho haviondoki, mimi nimeshawahi kuvichuja kwa chujio la chai, ni aibu ila ilisaidia. Ikiwa laini mimina maziwa mazito matamu kopo moja lile la gramu 397, changanya, kisha juisi ya limau mililita 80. Hapo angalia vizuri maana ndo raha ilipo: dakika moja uji uji, ukizungusha mwiko mara kadhaa unaanza kuona mwiko unaacha njia nyuma yake na njia haifungi haraka. Ni ile asidi ya limau inashika protini za maziwa zinaganda, hakuna jelatini, ile ya kugandishia jeli, wala yai. Ndo maana ukipunguza limau kwa kuogopa uchachu keki haisimami, inabaki mchuzi. Mimina juu ya biskuti, friji masaa manne, usiku mzima ni bora zaidi. Kata na kisu ulichochovya maji ya moto ukakifuta, kila kipande unachovya tena.

Aiskrimu bila mashine. Hii watu wanaiogopa bure. Krimu nzito ya kupiga mililita 500, iwe na mafuta kuanzia asilimia 30, ikiwa 35 ndo safi, chini ya 30 utapiga mpaka mkono uote mbavu na haitasimama. Maziwa mazito matamu kopo moja, vanila vijiko viwili vya chai, chumvi chembe. Sasa kanuni ni moja tu, baridi. Krimu ilale friji usiku mzima, na bakuli pamoja na vile vipigio vya mixa uviweke friza dakika 20 kabla. Krimu inasimama kwa sababu vipunje vya mafuta vinashikana kuzunguka mapovu ya hewa, vikiwa na joto vinalegea, havishiki kitu. Siku za joto sana bakuli langu nalikalisha ndani ya beseni la barafu na maji, napiga humo humo.

Na ujue pa kusimama. Sikiliza sauti. Mwanzo mixa inarusha matone na inalia wazi, baadae sauti inakuwa nzito na unaona mistari ya vipigio inabaki kwenye krimu. Inua kipigio, kama kilele kinasimama alafu ncha inainama kidogo kama inasalimia, zima mashine hapo hapo. Mi niliwahi kusema ngoja nimuongezee kidogo tu, nikajibu meseji moja, kurudi krimu imeshakuwa na rangi ya njano hivi na chini kuna maji meupe, kumbe nimetengeneza siagi. Nikaitia chumvi tukapakia mkate wiki nzima, haikupotea, ila aiskrimu siku hiyo hatukula.

Ikisimama, chukua theluthi moja changanya na maziwa mazito kwanza ili yalegee, alafu iliyobaki ingiza kwa mwiko ukikunja kutoka chini kuja juu, usikoroge kama uji, ile hewa ndo inayoifanya iwe laini kwa kuwa hakuna mashine ya kuizungusha. Mimina kwenye chombo, lazia plastiki juu igusane kabisa na aiskrimu isiote barafu, friza masaa sita. Ukitaka ya embe au stroberi usimwage tu matunda yaliyosagwa, matunda ni maji, na maji kwenye friza ni mawe. Pika rojo yake gramu 400 hivi moto mdogo mpaka ibaki nusu, iache ipoe kabisa kabisaaa, ndo uchanganye. Ukichanganya ikiwa na uvuguvugu hewa yote inashuka na kazi imeisha.

Kuna na mchezo wa mifuko kama una watoto wamechoka kukaa ndani. Mfuko mdogo wa zipu weka maziwa na krimu na sukari na vanila, ufunge vizuri, utie ndani ya mfuko mkubwa uliojaa barafu na chumvi, sehemu tatu barafu kwa moja ya chumvi, funga, watikise dakika 10 mpaka 15 wakiwa wameushika na taulo. Taulo sio pambo. Chumvi inashusha kiwango cha kuganda cha maji, barafu inayeyuka huku ikizidi kuwa ya baridi chini ya sifuri, chini sana, inaweza kuunguza vidole. Na mfuko mdogo usuuze maji kabla ya kuufungua, bila hivyo mtakula aiskrimu ya chumvi, tumeshaila.

Jelatini nayo ina ugomvi wake. Nilitengeneza jeli ya nanasi freshi mara mbili mfululizo, mara zote asubuhi nakuta juisi. Nikalaumu jelatini, nikalaumu friji, nikanunua jelatini nyingine. Kumbe nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na jelatini ni protini, kwa hiyo usiku mzima nanasi lilikuwa linaila jelatini yangu mimi nimelala. Papai hivyo hivyo, na kiwi. Dawa ni kulichemsha nanasi kwanza dakika chache, moto unakiua hicho kimeng'enya, au tumia la kopo ambalo limeshapikwa. Jelatini yenyewe iloweke kwenye maji baridi dakika 5 mpaka 10 ivimbe, alafu iyeyushe kwenye kitu cha moto ila usiichemshe, ikichemka nguvu inapungua.

Kabla sijafika kwenye barafu za vijiti, neno moja la usalama. Vitu vya krimu, maziwa na krimu chizi visikae nje zaidi ya masaa mawili, na kama joto limepita nyuzi 32 basi saa moja tu. Mezani toa kidogo, vingine vibaki friji. Ile sifa ya kuweka mezani kila mtu aone nilishaacha.

Haya, barafu za matunda. Watu wengi wanasaga tunda wanamimina kwenye vikopo wanagandisha, wanapata jiwe lisilo na ladha, alafu wanasema tunda halikuwa zuri. Tunda halina kosa. Kwanza ubaridi unaua utamu ulimini, kwa hiyo mchanganyiko ukiuonja ukiwa wa kawaida lazima uwe mtamu kupita kidogo, ukisema mmh huu umezidi kidogo ujue upo sawa. Pili sukari haipo kwa ajili ya utamu tu, inazuia maji yasigande yote, ndo inayofanya uweze kuing'ata. Ikiwa kidogo unapata jiwe, ikizidi sana haigandi, inabaki tope. Mi kwa kilo moja ya tunda lililosagwa naanzia sukari gramu 200, tunda likiwa chachu nafika 250, na juisi ya limau moja hata kama tunda lenyewe ni tamu, maana bila uchachu linakuwa limepoa poa tu.

Kuna kipimo cha yai ambacho napenda kukionyesha wageni wanaona kama mazingaombwe. Osha yai bichi freshi na ganda lake, lishushe taratibu kwenye mchanganyiko wako, uwe umeuchuja vizuri. Likizama, sukari bado. Ongeza sharubati ya sukari kidogo, yani sukari iliyoyeyushwa kwenye maji, koroga, jaribu tena. Yai likielea na kutokeza juu kiduara cha ukubwa wa sarafu, hapo hapo. Likitokeza zaidi umezidisha, ongeza juisi au maji. Sukari inaongeza uzito wa maji ndo maana yai linanyanyuka, hakuna uchawi. Lazima yai liwe freshi, la zamani linaelea hata kwenye maji matupu litakudanganya.

Kama hutaki vijiti mimina kwenye trei pana, friza, na kila nusu saa pita ukikwaruza na uma kuanzia pembeni ambako ndo panaganda kwanza kuja katikati, mara nne au tano hivi, utapata chenga chenga laini za kula na kijiko. Tikitimaji ndo linatoka vizuri kuliko yote kwa njia hii.

Ukitaka za vijiti acha nafasi ya kidole juu ya kikopo maana maji yakiganda yanatanuka. Vijiti usitie mwanzoni vitalala upande, subiri saa moja mpaka moja na nusu mchanganyiko uwe mzito kama uji wa barafu ndo uchomeke, vitasimama wima. Acha usiku mzima. Kuzitoa ndo watu wanaharibu. Chovya kikopo kwenye maji ya uvuguvugu sekunde kumi, hesabu kabisa, alafu zungusha kijiti kidogo kushoto kulia huku unavuta. Ikigoma usitumie nguvu, chovya tena sekunde tano. Mi nina droo ina vijiti kama ishirini vilivyotoka peke yake bila barafu, nakorogea chai.