Kabla Hema Halijapigwa: Kupanga Siku ya Elimu ya VVU Kazini

Kila ifikapo Novemba, maofisa rasilimali watu hukumbuka kwamba tarehe 1 Desemba ni Siku ya UKIMWI Duniani, na swali la kwanza huwa ni bei ya fulana. Fulana zisubiri. Anza na swali ambalo kila mfanyakazi anajiuliza kimoyomoyo: jioni ya siku hiyo, mwenzangu wa meza ya pili atakuwa amejua nini kunihusu?

Kazini si sokoni. Sokoni mtu hupima VVU akaenda zake; kazini kesho yake atakutana na wale wale waliomwona akiingia. Kwa hiyo zunguka eneo lote kabla ya kuandika bajeti. Niliwahi kuona hema limepigwa mkabala na dirisha la mhasibu, pale pale ambapo kila mtu hupita kuulizia posho. Hadi saa saba mchana walikuwa wameingia walinzi wawili na dereva mmoja, na huyo dereva nadhani alikuwa anakimbia jua. Tafuta chumba chenye mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea, na chenye hewa ya kutosha, maana vipimo navyo haviachwi kwenye joto kali.

Chumba kizuri pekee hakitoshi, kuna suala la dakika. Kipimo cha haraka hutoa majibu kwa muda wa robo saa au dakika 20 hivi. Kikionyesha maambukizi, mtoa huduma hurudia kwa kipimo cha aina nyingine, kisha hukaa na mteja kwa ushauri nasaha. Foleni ya nje nayo inahesabu. Aliyetoka mapema "yuko safi", aliyechelewa ameshahukumiwa. Njia nzuri ya kuivuruga hesabu hiyo ni kuchanganya huduma: presha, sukari, uzito na ushauri wa lishe, vyote nyuma ya pazia moja, ili kila mtu achelewe kwa sababu zake. Mwongozo wa utumishi wa umma wa Tanzania wa mwaka 2014 uliweka VVU na magonjwa sugu yasiyoambukiza katika kapu moja, na hata kiwanda cha mtu binafsi kinaweza kuiga. Vipimo vya kujipima navyo viwepo kwa asiyetaka kuonekana kabisa. Sheria ya UKIMWI ilirekebishwa mwaka 2019 ikaviruhusu. Waelezwe tu kwamba kikionyesha maambukizi, ni lazima kwenda kituo cha afya kuthibitisha.

Sheria hiyo, ya mwaka 2008, inamtaka mwajiri awe na programu mahali pa kazi: elimu, kondomu na msaada kwa wafanyakazi wanaoishi na VVU. Haimpi ruhusa ya kumlazimisha mtu kupima. Hapa wenye nia njema ndio huharibu. Kutangaza zawadi kwa idara itakayopima watu wengi ni shinikizo lililofungwa utepe. Daftari la mahudhurio lenye safu ya "amepima" lisiwepo kabisa. Bosi akitaka kutangulia kupima, karibu sana, ila majibu yake asiyataje. Akisema yuko salama halafu msaidizi wake akanyamaza, watu watajaza wenyewe.

Barua kwa mganga mkuu wa wilaya iende mapema. Wiki ya kwanza ya Desemba wapimaji wengi wanahitajika kwenye maadhimisho, kwa hiyo katikati ya Novemba, au hata Machi, kunaweza kukupa wahudumu wasio na haraka. Uliza pia nani yuko zamu ya usiku. Walinzi na wafanya usafi mara nyingi wameajiriwa na kampuni nyingine na hawamo kwenye orodha yako, ilhali mfanya usafi ndiye anayeweza kuchomwa na sindano iliyotupwa ovyo. Huyo anahitaji kujua kwamba dawa kinga huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi.

Msemaji awe mtu anayeishi na VVU kutoka nje ya ofisi, alipwe nauli na posho kama mtaalamu mwingine yeyote, na aulizwe kama anakubali picha. Usimwombe mfanyakazi mwenzenu, hata kama "kila mtu anajua". Mada ya kumpa: dawa za ARV hufubaza virusi, na mtu anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Wengi wetu tulikua na mabango ya UKIMWI yenye mafuvu, kwa hiyo jambo hili bado huwashtua watu. Na mshereheshaji aonywe mapema: mzaha wa "kukanyaga miwaya", yaani kuambukizwa VVU, akauache nyumbani.

Kondomu ziwekwe chooni, za kiume na za kike, na awepo wa kuzijaza tena. Mapokezi hazitachukuliwa.

Kubalianeni na uongozi kuhusu ruhusa za kliniki kabla mtu wa kwanza hajazihitaji: fomu isiwe na sehemu ya kutaja ugonjwa. Atakayekutwa na maambukizi achague mwenyewe kliniki ya kuhudhuria. Wengi hukwepa iliyo jirani na kazini.

Ripoti nayo ipangwe kabla. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Hiyo ni namba ya kufundishia, haimtaji mtu. Lakini kwenye ofisi ya watu 40, mstari unaosema "waliokutwa na maambukizi: 1" ni sawa na kubandika jina ukutani. Andika idadi ya waliopata huduma zote kwa jumla, basi. Na sefti boksi lenye sindano za kutobolea vidole liondoke na wahudumu siku hiyo hiyo, lisilale stoo.