Namna ya kufundisha Marko 10:45 kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba

Usianze na mstari wa 45: "Kwa maana Mwana wa Adamu naye hakuja kutumikiwa, bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi." Najua ndio tunaoukariri, lakini ukisomwa peke yake unapita bila kumgusa mtu. Anza mstari wa 35, Yakobo na Yohana wanapoomba kuketi kuume na kushoto kwa Yesu. Gawa sauti: mmoja asome maneno ya Yesu, wawili ya ndugu hao. Mimi huwapa wazee wa kanisa nafasi ya wale wanafunzi wengine kumi waliokasirika, maana sisi viongozi hasira ile tunaijua.

Someni hadi mstari wa 52, bila haraka. Yesu anawauliza ndugu hao, wana wa Zebedayo, "Mwataka niwafanyie nini?" Punde, karibu na Yeriko, anamwuliza Bartimayo kipofu, "Wataka nikufanyie nini?" Swali ni lile lile. Nyamaza kidogo, watu wapime wenyewe ni nani aliyejua kuomba.

Kisha nenda Marko 15:27. Wanyang'anyi wawili wanasulubiwa pamoja na Yesu, mmoja kuume, mmoja kushoto. Ndizo nafasi walizoziomba wale ndugu! Kwangu somo zima limesimama hapo.

Kuhusu neno fidia la mstari wa 45, yaani malipo ya kumkomboa mtu, soma Walawi 25:47-49, ndugu akimkomboa nduguye aliyejiuza kwa umaskini, halafu Isaya 53:10-12. Wakianza kubishana fidia alilipwa nani, waambie Marko hasemi, msonge mbele.

Kabla ya sala, uliza nani atakwenda kumfulia mgonjwa wa mtaa wenu Jumamosi, na saa ngapi. Andika jina.