Namna ya kumtafuta na kumtazama nyenga wa madoa ya buluu

Wageni wanaoshuka Utende, hapa Mafia, huja wakimuulizia papa potwe. Nyenga, yaani taa mwenye mwiba wa sumu mkiani, hawamuulizi, labda wawe wamewahi kuchomwa. Lakini katika miaka yote niliyopeleka watu kwenye miamba ya Ghuba ya Chole, sijaona samaki anayelipa subira kama nyenga wa madoa ya buluu. Wataalamu humwita Taeniura lymma. Jina la lymma alipewa na Peter Forsskål, msomi aliyefia Yemen mwaka 1763 akichunguza viumbe wa Bahari ya Shamu. Kazi yake ilichapishwa 1775, yeye akiwa kaburini. Taeniura maana yake ni mkia wa utepe, na ukishauona huo mkia hutamsahau.

Hatua ya 1: Panga siku kwa kufuata maji

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatoka wanapopata nafasi, wanarudi wakisema hakuna kitu. Nyenga huyu anaishi kwa kupwa na kujaa. Maji yakipwa anajificha chini ya miamba na kwenye mapango ya matumbawe. Maji yakianza kujaa anatoka, pengine na wenzake kadhaa, anapanda kwenye mchanga wa maji mafupi kutafuta chakula.

Siku za bamvua, yaani maji yanapopwa na kujaa sana, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwetu maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Basi mimi huingia saa tano. Kwanza namtazama akiwa mafichoni, kisha nasubiri atoke. Siku za maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo tu, pia utamwona, ila mwendo wake hauonekani wazi hivyo.

Hatua ya 2: Ingia kwa kuburura miguu

Vaa viatu vya mpira, na usinyanyue nyayo. Ziburure mchangani ili mtikisiko umfikie kabla yako, naye atakupisha. Anayeinua mguu na kukanyaga ndiye anayechomwa. Kiatu chenyewe hakizuii mwiba; kinakukinga na urumba na vipande vya matumbawe tu.

Hatua ya 3: Tafuta mkia kwanza

Ukishafika penye kina cha kiunoni au zaidi, vaa miwani, elea, chungulia chini ya kila mwamba wenye uvungu. Usitafute samaki mzima. Tafuta mkia, maana mara nyingi kichwa kiko ndani na mkia umebaki nje: mnene kwenye shina, una mistari miwili ya buluu iliyonyooka ubavuni, na chini yake ukingo wa ngozi unaofika hadi ncha. Buluu yenyewe inawaka hata kivulini.

Usiuguse. Nyenga wengi mwiba wao uko karibu na shina la mkia. Huyu wake umesogea nyuma zaidi, kwa hiyo anaupeleka mbali akirusha mkia. Kwa kawaida ana miiba miwili, wakati mwingine mmoja. Kaa kando, kama mita mbili, wala usizibe mlango wa uvungu. Nyenga asiye na njia ya kutokea ndiye wa hatari.

Hatua ya 4: Hakikisha ni yeye

Yuko taa mwingine mwenye madoa ya buluu katika bahari yetu, Neotrygon caeruleopunctata, na watu huwachanganya kila siku. Huyo mwili wake una umbo la pembe nne, ana utepe mweusi unaopita machoni kama barakoa, na ncha ya mkia wake ina pete nyeupe na nyeusi. Tena hupenda kujifukia mchangani. Wa kwetu ana mwili wa yai, rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani au kahawia, na mara chache sana utamkuta amejifukia. Upana wake haufiki mbali: sentimita 35 ni mkubwa.

Hatua ya 5: Msome mwili

Tulia hapa, usiwe na haraka. Anza na macho: ni makubwa, ya manjano, yamechomoza juu ya kichwa. Nyuma tu ya kila jicho kuna tundu. Litazame likifunguka na kufumba. Huko ndiko anakoingiza maji ya kupumua, kwa sababu mdomo uko chini na ungevuta mchanga. Maji hayo hutokea kwenye matamvua, jozi tano, nayo yako upande wa tumbo.

Mifupa hana, mwili mzima umeshikiliwa na gegedu, kama papa, ndugu yake. Kibofu cha hewa kinachowawezesha samaki wengine kuelea hana pia, ndiyo maana akiacha kuogelea anatua chini.

Kumjua dume ni rahisi. Tazama shina la mkia: dume ana viungo viwili kama vidole, kimoja kila upande. Jike hana. Jike hatagi mayai nje. Watoto hukua tumboni mwake, kwanza kwa kiini cha yai, kisha kwa majimaji mazito yenye lishe anayoyatoa mwenyewe. Huzaa wachache, hawazidi saba, nao huzaliwa wakiwa na madoa yao na mkia wao wa utepe kamili. Samaki anayezaa wachache namna hii hawezi kuhimili baruti inayobomoa matumbawe anamojificha, wala biashara ya kumkamata akafungiwe kwenye tangi, ambako wengi hukataa kula.

Hatua ya 6: Msubiri akitoka kula

Akitoka, elea nyuma yake bila kupiga maji. Utaona kingo za mwili zikipiga mawimbi. Atapita chini sana, kisha ghafla atajibandika mchangani na vumbi litatimka pembeni. Amepata kaa, kamba au mnyoo. Hakumwona, maana macho yako juu. Kando ya mdomo ana vitundu vinavyohisi umeme mdogo wa kiumbe aliyefukiwa. Anamgandamiza kwa mwili, anamvuta mdomoni, anamsaga.

Hatua ya 7: Mtu akichomwa

Mwaka wangu wa kwanza nilikanyaga taa kwenye majani ya bahari. Maumivu yalipanda hadi kwenye nyonga, nikalia mbele za watu. Mzee mmoja alinitia mguu kwenye ndoo ya maji ya moto, na baada ya muda yakaanza kushuka.

Fanya hivyo hivyo. Osha kidonda, kisha tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mwenzako ayapime kwanza kwa mkono wake, kwani mguu wenye maumivu hauhisi vizuri. Sumu hii ni protini, na joto huiharibu. Halafu nenda kituo cha afya hata kama umepata nafuu: meno ya mwiba yameelekea nyuma, na vipande hubaki ndani, utahitaji pia chanjo ya pepopunda. Mwiba ulioingia kifuani, tumboni au shingoni usiung'oe. Mlaze mtu, uushikilie usitikisike, mpeleke hospitali.