Somo: Kuondoka na gari-nyumba kwa siku mbili tatu, mvua ikinyesha na vitu vikigoma

Habari zenu wanachama. Safari yetu iliyopita tulichelewa kuondoka kwa saa tano. Betri ya injini ilikuwa imelala, pampu ya maji ikagoma, na nilipopanda nyuma nikakuta godoro limelowa upande mmoja. Nje mvua haina dalili ya kukatika. Mke wangu akauliza, "Tunaenda au tushushe mizigo?" Tulienda, tukalala huko siku mbili kama tulivyopanga, na pampu tukarudi nayo vilevile, mbovu. Nimeona wengi humu wanaahirisha safari kwa jambo dogo, na wengine wanatoka na ubovu uliopaswa kuwabakiza nyumbani. Tuangalie namna ya kutofautisha.

Hatua ya 1: Gawa ubovu mafungu mawili

Fungu la kwanza ni breki, usukani, matairi, taa za nje, waipa, gesi na bomba la moshi. Kimojawapo kikiwa na shida, gari halitoki, hakuna mjadala. Fungu la pili ni raha: pampu, friji, maji ya moto, taa za ndani. Hivi vina mbadala. Sisi tulimaliza safari nzima kwa dumu la lita 20 na kikombe cha kuchotea.

Betri ndiyo huchanganya watu, maana haya magari huwa na mbili, ya injini na ya matumizi ya ndani. Taa za ndani zinaweza kuwaka vizuri huku injini haistuki. Betri ya asidi iliyopumzika ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu nusu, 12.0 imekaribia kwisha. Ukibusti, yaani kuwasha injini kwa kuazima umeme wa betri ya gari jingine, waya mwekundu uanzie kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi uanzie hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ushike chuma kitupu cha injini iliyolala, mbali na betri yenyewe. Betri hutoa haidrojeni, na cheche ya mwisho huitaki hapo karibu.

Baada ya hapo jiulize imelala kwa nini. Kama mtu alisahau taa, ondoka. Kama hujui sababu, ihesabu fungu la kwanza, kwa sababu kesho itakulaza tena ukiwa mahali pabaya zaidi.

Hatua ya 2: Soma umri wa tairi

Gari-nyumba husimama muda mrefu, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kulika. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona nyufa, acha. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi.

Hatua ya 3: Panapovuja

Usipake silikoni kwenye paa lililolowa, haitashika. Na usipande juu ya paa linaloteleza kwa ajili ya godoro. Mahali maji yanapotokea ndani mara nyingi siyo yanapoingilia. Hutambaa ndani ya ukuta kwanza. Kwa siku mbili, weka beseni, hamisha godoro, kausha unapofika. Ila kama maji yanapita karibu na nyaya au swichi, chomoa umeme wa upande huo kabla ya kufanya lolote.

Hatua ya 4: Punguza kilomita, usipunguze siku

Hili ndilo lililotuokoa. Tuliacha kule tulikokusudia, tukachagua mahali pa mwendo wa saa moja tu. Likizo fupi hailazimiki kuwa ya mbali.

Gari refu lenye ubavu bapa ni kama tanga. Juu ya madaraja na kwenye mianya ya vilima upepo hukusukuma ghafla. Ukilipita lori, kwanza linakukinga, halafu ukichomoza mbele yake unapigwa kofi. Mikono miwili kwenye usukani, mwendo chini. Ukiona unarekebisha usukani kila mara, egesha unywe chai. Maji yanayokwenda barabarani usiyajaribu: kina cha sentimita 30 kinaweza kubeba gari dogo, na 60 hubeba magari mengi hata makubwa.

Kabla ya kung'oa: madirisha ya paa yafungwe, ngazi ipande, gesi izimwe, makabati yabanwe.

Hatua ya 5: Egesha kwa akili ya kesho

Chagua ardhi ngumu, hata kama mandhari si ya kupiga picha. Pua ielekee upepo. Turubai la pembeni likunjwe kabla hujalala, si saa nane usiku ukiwa na kaptura (naongea kwa uzoefu). Epuka kingo za mto, na epuka miti: matawi huanguka, na hata mvua ikikatika majani yataendelea kudondosha matone juu ya paa hadi asubuhi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mtungi wangu ni mzito kabisa lakini kukiwa na baridi kali jiko halishiki. Regyuleta imekufa?*
Angalia kwanza aina ya gesi. Butane haigeuki mvuke ikifika karibu nyuzi 0. Propane huendelea hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwenye baridi tumia propane.

*Upepo unapenya kwenye vitundu vya sakafuni. Naweza kuviziba usiku?*
Hapana, ndugu yangu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini na kutokea hapo. Na jiko lisiwe hita: kaboni monoksaidi haina harufu. Weka king'ora chake.

*Nimewahi kukwama kwenye nyasi, kila nikikanyaga mafuta tairi linazama.*
Ndiyo maana linazama. Acha kukanyaga. Ingiza mikeka mbele ya matairi yanayovuta, anza na gia ya pili, taratibu. Safari ijayo egesha juu ya mteremko ukitazama chini.

*Radi je? Ndani ni salama?*
Magari mengi ya aina hii yana kibanda cha dereva cha chuma, ila sehemu ya kulala ni ya plastiki na mbao. Kaeni mbele, madirisha yakiwa yamefungwa, chomoa waya wa umeme wa nje kabla radi haijasogea.

*Hujatuambia pampu ilikuwa na nini.*
Nimeifungua jana. Fyuzi. Na spea zilikuwa kwenye droo ya vijiko safari nzima.